Video ya Mtoto Wako Si Uharamia

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anaongea sheria



Mmezoea kunisoma kuhusu chanjo, maziwa na homa za usiku. Leo tuongee sheria. Najua kuna atakayesema, "Sista, hayo waachie mawakili." Siwaachii. Mama wa siku hizi analea na simu mkononi. Picha za mtoto ziko humo. Video ya kumwonyesha bibi kule kijijini jinsi mjukuu anavyocheza iko humo. Ile video inayokufundisha namna ya kumshikisha mtoto titi saa tisa usiku, wakati hakuna wa kumwuliza, iko humo. Mtu akipewa uwezo wa kufuta vitu hivyo bila kukuuliza, amepewa ufunguo wa nyumba yako.

Nazungumzia sheria za kupambana na uharamia wa mtandaoni. Uharamia ni kuchukua kazi ya mtu, iwe wimbo, filamu, mechi au kitabu, na kuisambaza au kuiuza bila ruhusa yake. Ni wizi, na mimi sitautetea. Msanii ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana karo. Anayerusha mechi kwa tovuti ya kificho huku akikusanya pesa za matangazo, ashtakiwe. Hapo hatugombani.

Ninachopinga ni kitu kimoja: sheria inayofuta kwanza na kuuliza baadaye. Sheria ya namna hiyo haimpati haramia, kwa sababu haramia ana tovuti nyingine za akiba na kesho atafungua mpya. Inampata mama mwenye akaunti moja na bando la mia. Wodini hatumkati mtu mguu kwa sababu jirani yake amesema una usaha. Tunautazama kwanza.

Nitaandika vipande saba. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

SEHEMU YA 2: Mtoto wa sekunde 29

Twende Marekani, kwa sababu majukwaa tunayotumia ni ya huko, na ugonjwa huu ulionekana huko mapema.

Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania, Stephanie Lenz, alimrekodi mwanawe mdogo, ambaye ndiyo kwanza anajua kutembea, akisukuma kigari jikoni na kutikisika kwa muziki. Nyuma yake ulikuwa unapigwa wimbo wa Prince. Video nzima ni sekunde 29. Wimbo wenyewe unasikika kwa mbali, umechanganyika na makelele ya watoto. Akaiweka YouTube ili ndugu na marafiki waione. Jambo ambalo wewe unalifanya kila wiki.

Kampuni ya Universal, iliyokuwa inasimamia haki za wimbo huo, ikaiandikia YouTube kwamba video iondolewe. Ikaondolewa. Sheria iliyotumika inaitwa DMCA, ya mwaka 1998. Jukwaa likipokea ilani ya namna hiyo na kukataa kuondoa kitu, linajiweka katika hatari ya kushtakiwa lenyewe. Sasa niambie, wewe ukiwa ndiwe jukwaa, utamtetea mama usiyemjua au utabonyeza kitufe cha kufuta? Utafuta.

Mama yule hakunyamaza. Alipeleka pingamizi, na video ikarudi baada ya wiki kadhaa. Kisha akaenda mahakamani akisaidiwa na mawakili wa shirika la EFF. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema jambo ambalo mimi ningelibandika ukutani: mwenye haki lazima afikirie kwanza kama matumizi hayo ni halali, kabla ya kudai kitu kiondolewe. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2018.

Piga hesabu. Kuanzia 2007 mpaka 2018 ni miaka 11. Mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea alikuwa ameshafika umri wa kubalehe kabla mambo ya sekunde 29 hayajaisha. Huyo ni mama aliyepata mawakili wa bure. Wewe utapata wapi?

SEHEMU YA 3: Mashine inayosikia "shhhh" na kusema ni wimbo wa mtu

Siku hizi hata binadamu wa kukulalamikia hahitajiki. Mashine zinasikiliza kila video na kulinganisha sauti zake na ghala la kazi zilizosajiliwa. YouTube wanaiita Content ID.

Takwimu ni zao wenyewe, si zangu. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2021, mashine hiyo ilitoa madai zaidi ya milioni 722. Waliopinga hawakufika hata asilimia 1. Lakini kati ya hao waliopinga, asilimia 60 walishinda. Yaani zaidi ya mara milioni 2 watu waliambiwa "umechukua cha mtu", na baadaye ikaonekana sivyo, au mlalamikaji akashindwa kuling'ang'ania dai lake.

Watatetea mashine kwa kusema waliopinga ni wachache, kwa hiyo mashine iko sawa. Hebu subiri. Mgonjwa asipolalamika haina maana haumwi. Wangapi hawakupinga kwa sababu fomu iko kwa Kiingereza? Wangapi waliogopa neno "mahakama"? Wangapi walikuwa na mtoto mgonjwa siku hiyo?

Kuna mfano ambao kina mama mtauelewa haraka kuliko mawakili. Mnajua ule mvumo wa kumtuliza mtoto, sauti kama mvua au redio isiyoshika stesheni? Mwanamuziki mmoja wa Australia, Sebastian Tomczak, alitengeneza mvumo wa namna hiyo wa saa 10 na kuuweka YouTube. Hauna tuni wala maneno. Kufikia Januari 2018 ulikuwa umeshadaiwa mara 5, eti umeibwa. Kama mvumo mtupu unaweza kuwa na wenyewe, video ya mwanao akiimba wimbo wa kuzaliwa itapona vipi?

Ukitaka kupinga ilani rasmi ya DMCA, lazima uandike jina lako kamili, anwani yako na namba ya simu, na ukubali kwamba unaweza kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Taarifa hizo anapelekewa mlalamikaji. Mama, unampa mtu usiyemjua mahali unapolaza watoto wako, kwa ajili ya video. Na hili si la kuwaza tu: mwaka 2019 YouTube yenyewe ilimshtaki mtu mmoja wa Nebraska, ikisema alikuwa anatuma ilani za uongo ili awabane watu wampe pesa.

Baada ya pingamizi lako, kama mlalamikaji hajaenda mahakamani, sheria inataka video irudishwe kati ya siku 10 na 14 za kazi. Kwa mtoto mchanga, muda huo kwa kawaida kitovu kimeshakauka na kuanguka. Kama video ilikuwa inafundisha namna ya kutunza kitovu, imerudi kufanya nini?

SEHEMU YA 4: Mmoja kafanya, nyumba nzima inalipa

Sasa Ulaya. Mwaka 2009 Ufaransa ilitunga sheria iliyojulikana kama HADOPI. Mpango ulikuwa hivi: ukinaswa unapakua kazi za watu, unaonywa mara ya kwanza, ya pili, kisha intaneti ya nyumba inakatwa. Tena anayewajibishwa ni mwenye laini, hata kama aliyepakua ni mtu mwingine.

Wazazi, fikirieni hapo. Kijana wako wa miaka 15 kapakua nyimbo, intaneti inakatwa. Na wewe uliyekuwa unaitumia kazini? Na mdogo wake mwenye masomo ya mtandaoni? Baraza la Katiba la Ufaransa lililiona hilo. Mwezi Juni 2009 lilisema kupata intaneti ni sehemu ya uhuru wa mtu kujieleza na kupata habari, na kwamba ofisi ya serikali haiwezi kumkatia mtu, jaji pekee ndiye awezaye. Sheria ikarekebishwa. Mtu wa kwanza kuhukumiwa, mwaka 2012, alitozwa euro 150. Alieleza kuwa aliyepakua nyimbo ni mkewe waliyekuwa wanaachana. Haikumsaidia, laini ilikuwa ya jina lake. Mwaka 2013 adhabu ya kukata intaneti ikafutwa kabisa.

Italia nao, kwa ajili ya kulinda mechi za mpira, wameweka mfumo unaoitwa Piracy Shield. Umeanza kazi mwaka 2024. Mwenye haki za mechi akitaja anwani ya mtandao, kampuni za intaneti zinatakiwa kuizuia ndani ya dakika 30. Dakika 30! Nani anakagua kwa dakika 30? Tarehe 19 Oktoba 2024, jioni ya Jumamosi, mfumo huo ulizuia Google Drive. Ndiyo, hiyohiyo mnayohifadhia picha za watoto, vyeti vya kuzaliwa na kazi za shule. Watu wa Italia wasiohusika na mpira wala uharamia walikaa saa kadhaa bila kufikia mafaili yao.

Hii ndiyo dawa yenye nguvu kuliko ugonjwa. Umetaka kuua chawa, umechoma shuka.

SEHEMU YA 5: Siku watu waliposema hapana

Wengine mtasema, "Sista, sisi ni nani tuzuie sheria?" Basi sikilizeni hii.

Mwaka 2011 wabunge wa Marekani walileta miswada miwili, SOPA na PIPA. Ilikusudiwa kuzikomesha tovuti za uharamia zilizo nje ya Marekani. Njia yenyewe: kampuni za intaneti ziamriwe kuzuia tovuti, mitambo ya kutafutia iondoe viungo vyake, kampuni za malipo na matangazo zisitishe kuihudumia. Kosa la mtumiaji mmoja lingeweza kuiponza tovuti nzima yenye watu wengi wasio na hatia.

Tarehe 18 Januari 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilijizima kwa saa 24. Tovuti nyingine nyingi zikafanya vivyo hivyo. Google ilisema zaidi ya watu milioni 7 walitia saini kupinga. Simu zikamiminika ofisi za wabunge. Siku mbili tu baadaye, tarehe 20, miswada yote miwili ikawekwa kando. Haijarudi kwa jina hilo mpaka leo.

Waliopiga simu si wataalamu wa kompyuta wote. Walikuwa walimu, wanafunzi, wazazi. Waliambiwa "ninyi mnatetea wezi". Wakajibu: tunatetea milango yetu.

Na tazameni hili. Mtoto mmoja wa Kanada alikuwa anaimba nyimbo za watu wengine, mama yake akaziweka YouTube ili ndugu wazione. Mtoto huyo ni Justin Bieber. Kwa macho ya mashine ya leo, mama yule ni mshukiwa. Kwa macho yetu ni mama anayejivunia mwanawe. Wasanii wachanga wa Mombasa, Mwanza na Goma wanaanza hivyohivyo. Sheria inayodai kuwalinda wasanii isiwazibe midomo kabla hawajawa wasanii.

SEHEMU YA 6: Hapa kwetu

Msidhani haya ni ya kwao tu. Kenya ilirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 na kuongeza vifungu vya 35B, 35C na 35D. Kwa lugha ya kawaida ni hivi: mtu akiona kazi yake imewekwa mtandaoni bila idhini, anampelekea mtoa huduma za intaneti ilani. Mtoa huduma anamjulisha aliyeiweka. Kama hakuna pingamizi lililoandikwa kama sheria inavyotaka, anatakiwa kuiondoa, na muda wake unahesabiwa kwa saa, 48. Asipoondoa, hasara inaweza kumwangukia yeye.

Nitasema na lililo jema. Sheria hiyo inasema kutoa ilani ya uongo ni kosa. Vizuri. Lakini mwizi wa haki yako atashtakiwa na nani? Na wewe? Saa inakimbia, una mtoto mgongoni, na unatakiwa uandike barua ya kisheria kushindana na ofisi yenye mawakili. Huo si mchezo wa watu wawili. Mmoja ana filimbi, mwingine ana mpira.

Mwaka 2021 uliletwa mswada uliotaka kuviondoa vifungu hivyo vyote. Wenye haki za muziki na mechi wakapiga kelele, vifungu vikabaki. Mwaka 2022 Mahakama Kuu Nairobi ikaamuru Safaricom na Jamii Telecommunications kuzuia tovuti 44, kwa kesi ya MultiChoice kuhusu mechi. Sisemi tovuti hizo zilikuwa safi. Angalau pale kulikuwa na jaji. Ninachouliza ni hiki: je, siku kutakapokuwa hakuna jaji, ila kitufe tu?

Nyinyi wa Tanzania, Uganda, Burundi, Kongo, na ninyi mlioko Muscat, sheria za nchi zenu ni tofauti, lakini jukwaa ni lilelile. Ukiweka video YouTube, uko Tanga au uko Bukavu, utaratibu wa ile DMCA ya Marekani unakufuata.

Kwa nini linaniuma kama nesi? Kwa sababu ya nyimbo za kliniki. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kupimwa uzito anajua. Tunaanza asubuhi kwa kuimba: nyonyesha miezi sita, maji bado, uji bado, chanjo usikose. Na tuni tunaziazima. Tunachukua ya kanisani, ya harusini, au ya wimbo unaovuma wiki hiyo, kwa sababu wimbo unaojulikana ndio unaokaa kichwani mpaka nyumbani. Hivyo ndivyo mafunzo ya afya yamesafiri kwetu, kwa mdomo na kwa tuni ya kuazima.

Leo nyimbo hizo zinarekodiwa kwa simu na kupelekwa kwa mama aliye mbali na kliniki. Hakuna anayeuza. Hakuna msanii anayekosa shilingi kwa sababu mama wa Kwale amejifunza kuchemsha maji. Lakini mashine haijui Kwale wala haijui kuchemsha maji. Inajua tuni tu. Na tuni imesajiliwa.

SEHEMU YA 7: Tunachotaka

Kuna wanaouliza, "Kama huna hatia, unaogopa nini?" Naogopa kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Hata mtoto wa chekechea akisingiziwa kuvunja kikombe anauliza, "Mbona hujaniuliza?"

Wengine watasema, "Bila ukali huu wasanii watakufa njaa." Jamani, msanii hashibi kwa kufutwa kwa video ya sekunde 29. Anashiba akilipwa na redio, na mabasi, na mabaa, na majukwaa makubwa yanayovuna matangazo kwa kazi yake. Huko ndiko kwenye pesa. Ukali uelekezwe huko.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeyaweka yote mawili pamoja. Ibara ya 40 inataka mali ya ubunifu ilindwe. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Hazigombani mpaka mtu aamue kuikalia moja ili ainue nyingine. Kwa hiyo tunataka hivi:

Kwanza, anayelalamika aonyeshe kwamba ameitazama video kwa macho ya binadamu na kufikiria kama matumizi ni halali.

Pili, kama hakuna faida ya pesa inayochumwa, video ibaki mpaka mwenyewe ajibu. Ilani imfikie kwa lugha anayoielewa, na pingamizi liweze kujazwa kwa simu, kwa Kiswahili, bila kumpa mlalamikaji anwani ya nyumbani.

Tatu, aliyetoa ilani ya uongo amlipe aliyemwumiza. Faini inayoishia serikalini haimfuti mama machozi.

Nne, kuzuia tovuti nzima kuwe kwa amri ya mahakama tu, kwa muda maalumu, na asiye na hatia aliyezuiwa awe na mahali pa kubisha hodi.

Tano, nyumba isikatiwe intaneti kwa kosa la mtu mmoja. Abadani.

Na wewe leo ufanye nini? Weka nakala ya video za mtoto mahali pengine, usitegemee jukwaa moja. Ukipata dai, piga picha ya ujumbe kabla ya kubonyeza chochote, soma, kisha ujibu. Usifute kwa woga.

Halafu, ukisikia mswada wa hakimiliki umefika Bungeni na wananchi wameitwa kutoa maoni, nenda au andika. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe wananchi, na mwenye kunyonyesha ni mwananchi. Wenye kampuni hawakosi kwenye vikao hivyo. Viti vya kina mama ndivyo huwa vitupu.

Mtumie haya mama mmoja na baba mmoja. Wiki ijayo narudi kwenye mambo ya vipele vya nepi, nimeona maswali yenu.